Nani Aliwaonyesha Kipenyo

Mtongwe, Likoni
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mwanangu Tumu,

Nimeanza na tarehe kama mwalimu wetu wa ngumbaru anavyotaka, na chini ya tarehe najiwekea ahadi: katika barua hii sitaficha kitu. Ninayoyajua nitakwambia kuwa nayajua. Ninayoyashuku nitayaita shuku, nisiyavike nguo ya ukweli. Ukiona mahali nimefuta nikaandika tena, usidhani nilikuwa natafuta uongo uliopendeza zaidi. Ni herufi tu zilinishinda.

Shangazi zako wamejaa ukumbini, wanafunga visheti na kubishana kama sanduku litakubali kufungika. Habari za blanketi, dawa ya kifua na maji ya kuchemsha watakueleza wao, tena mara nyingi kuliko utakavyo. Mimi nimejitenga huku jikoni kwa kisingizio cha samaki wako wa safari. Samaki wamekwisha kukaangwa zamani. Wamepoa kwenye karatasi na mimi bado nimekaa na kalamu.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati uko chumba cha pili na nakusikia ukicheka. Ni kwa sababu nikikuuliza uso kwa uso, utaapa wallahi kabla sijamaliza swali. Umelelewa hivyo. Mama akiuliza kwa sauti fulani, mtoto hujibu kile ambacho mama anataka kusikia, na wote wawili hulala wameridhika. Sitaki kuridhika. Barua hii nitaitia katikati ya leso zako, uisome kwenye treni, mahali ambapo huoni macho yangu.

Jambo lenyewe ni hili. Jumanne nilikuwa ukingoni mwa mikoko namngoja baba yako arudi kuvua na hori lake. Wakaja vijana wawili wa Mfadhili wako wa chuo, wale wapima ardhi, na fimbo zao za rangi nyekundu na nyeupe na kile chombo cha miguu mitatu. Tukaamkiana vizuri. Nikangoja waniulize njia, kwa maana kila mgeni anayefika pale huuliza njia. Mikoko imesimama kama ukuta, na asiyejua huona majani tu. Hawakuuliza. Waliinama chini ya ule mkoko uliolala, wakakata kushoto, wakaingia Kipenyo kama watu wanaoingia uani kwao.

Walikaa huko mpaka baba yako akafika, akafunga hori, akaniuliza mbona nimesimama kama nguzo. Walipotoka, mmoja alikuwa anapangusa viatu kwa kijiti.

"Sasa hapa, mama, watu watalilia nini?" akasema. "Ni tope tu, hakuna kitu. Hata sisi tuliambiwa hivyo."

"Mliambiwa na nani?"

"Na wenyeji."

"Wenyeji gani? Mimi ni mwenyeji."

"Basi mama utakuwa unajua," akasema, na mwenzake akacheka.

Tope tu, hakuna kitu. Maneno hayo, Tumu, hayatoki kwa wenyeji. Yanatoka katika nyumba hii.

Aliyeyaanza ni bibi yako, marehemu mamangu. Yeye ndiye aliyenionyesha Kipenyo nilipokuwa mdogo wa kubebwa nikichoka. Tuliinama chini ya majani, tope limetufika magotini, kisha ghafla pakafunguka: mkondo mwembamba, na mwisho wake kidimbwi ambacho maji hayakauki hata bahari ikipwa namna gani. Akanishika kichwa akaniinamisha nitazame. Kwenye mizizi ya mikoko palikuwa na visamaki vidogo kama punje za mchele, vingi hata maji yalionekana yanatetemeka. Akaniambia hawa ni watoto wa tafi, na wale ni wa mkizi, na wale wenye madoa sijui, lakini wana mama yao mahali. Tulichukua kaa wawili wakubwa, visamaki hatukuvigusa. Tulipotoka akanifunda: "Ukiulizwa umetoka wapi, sema kwenye tope tu, hakuna kitu."

Na mimi nikakufunda wewe. Unakumbuka siku Bi Mwanakombo, jirani yetu, alipokukuta njiani na ndoo? Kaa walikuwa wanakwaruza ndoo kwa ndani, na mmoja ametoa gando nje kama anayeomba msaada. Akakuuliza umetoka wapi, nawe ukamtazama usoni bila kupepesa.

"Kwenye tope tu, hakuna kitu."

"Na hao kaa umewaokota mbinguni?"

"Hakuna kitu, Bi Mwanakombo."

"Mejumaa!" akaniita mimi kutoka huko huko barabarani, sauti yote. "Njoo umwone mwanao, atakuja kuwa mbunge huyu!"

Tulicheka sana siku ile, na nilikununulia mabuyu. Siku hizi nikiikumbuka hainichekeshi sana.

Sasa unaelewa kwa nini sijapata usingizi mzuri tangu Jumanne. Wanaoijua njia ya Kipenyo ni mimi, baba yako na wewe. Alhamisi hii kuna kikao cha maoni ya wananchi kwa chifu. Mfadhili anataka kujenga gati la mashua za watalii, na mkahawa juu yake, na kabla ya kujenga atajaza kifusi kuanzia nguzo za kivuko cha zamani mpaka kwenye mikoko yetu. Kama Kipenyo ni tope tu, litajazwa kama tope. Wale visamaki hawatahama, hawana pa kuhamia. Halafu baba yako atatega madema yake mbele ya Mtongwe nzima na kuyavua matupu, na sisi mama karanga, wakaanga samaki, tutakaa na makarai yetu ya mafuta tukikaanga stori.

Nilianza kwa kumshuku baba yako. Usikasirike, hata yeye hakukasirika. Nilimuuliza akiwa anasuka dema.

"Bakari, ulimwonyesha mtu Kipenyo?"

"Mimi nimekuoa, na sikuonyeshwa mpaka ulipomzaa Tumu," akasema. "Unadhani nitakitoa bure kwa mtu niliyemjua juzi?"

Nikaona ana haki. Kisha nikamshuku Bi Mwanakombo, kwa sababu ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha ufuo na ana tabia ya kutembea polepole nyuma ya watu. Nikaenda kwake kuazima kinu ambacho sikukihitaji. Nikampeleleza, nikauliza kuhusu wapima, nikauliza kama amewahi kupita upande wa mikoko. Akaniacha nizunguke mpaka nikachoka, akasema: "Mama Tumu, sote tunajua una mahali. Hatujui ni wapi, na hatujawahi kukuuliza, kwa sababu na sisi tuna mahali petu. Sasa chukua kinu uende." Nikarudi na kinu kichwani na aibu yangu mkononi.

Umebaki wewe.

Nitakwambia shuku zangu kwa mpango, maana mwalimu anasema aya moja ishike jambo moja. Shuku ya kwanza inaanzia kwa Mfadhili mwenyewe. Siku ile alipokuja hapa nyumbani kukuletea habari ya ufadhili wa chuo, alisimama mlangoni akanipa shikamoo. Yule mtu ana ndevu nyeupe, Tumu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwamkia, naye akaniwahi, na kichwa akainamisha. Shangazi yako akasema ni unyenyekevu. Mimi nikasema moyoni, mtu mzima akikupa heshima isiyo yako, angalia mkono wake wa pili. Nikaangalia mkono wake wa pili, nikakuta ameubebea mwanangu chuo.

Na ufadhili ulikuja lini? Ulikuja baada ya kikundi kukataa kumwandikia kwamba hatuna neno na gati lake. Watoto wa Likoni wenye alama nzuri ni wengi. Mbona amepatikana mmoja, na mamake ni mweka hazina wa kikundi kile kile kilichokataa? Nilikuuliza swali hilo, unakumbuka ulivyonijibu. "Mama, wewe unashuku hata jua likichomoza." Nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa na furaha, na kwa sababu unakwenda kusoma mambo ya bahari, jambo ambalo mimi nililitaka tangu sijajua kuwa linasomwa. Mimi nilitolewa shule darasa la tano. Leo nakaa kwenye dawati la watoto jioni na magoti yangu hayaingii chini yake, na watoto wakipita dirishani wanatuimbia "ngumbaru, ngumbaru". Ningemkataaje mtu anayekufungulia mlango? Sikumkataa. Nilimpikia biriani.

Shuku ya pili ni tope. Ile Jumamosi uliyosema umekwenda Shanzu kwa rafiki yako, ulirudi umevua viatu na miguu umeiosha. Lakini upindo wa suruali yako haukuoshwa. Nimefua nguo za watu waliotoka kwenye mikoko maisha yangu yote. Mchanga wa Shanzu ni mweupe, ukikauka unapukutika. Ule uliokuwa kwenye upindo wako ulikuwa mweusi, na ulipolowa maji ukatoa ile harufu ya yai bovu. Niliufua, nikaanika, na sikusema kitu. Huenda ulikwenda kuaga Kipenyo peke yako, na ukaona haya kuniambia. Ningependa iwe hivyo. Nimejaribu kuamini hivyo na nusu ya moyo imekubali.

Nisingekuwa na haja ya kukusumbua hivi kama ningekuwa bado nafikiri kama bibi yako, kwamba ukikaa kimya umelinda. Ningekasirika tu siri imetoka, nilie, basi. Lakini mimi nilishaona kimya kinavyofanya kazi. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka halua tu, kwa hiyo nikueleze.

Alikuja kijana wa idara ya uvuvi, mtu wa bara, mpole, kofia imemwelemea. Akatukusanya akatwambia tutenge sehemu moja ya bahari yetu isivuliwe, samaki wazaliane humo kisha watoke wenyewe kuja kwetu. Tulilifurahia sana jambo lile. Eneo la namna hiyo tukaambiwa linaitwa tengefu, na jina lenyewe likatupendeza. Kisha akafungua ramani, akauliza swali moja tu: "Samaki wanazaliana wapi? Nyinyi ndio mnajua."

Ungeona watu walivyotazama miguu yao. Kila mvuvi pale alikuwa na jiwe lake au shimo lake alilorithi kwa babake, na kila mwanamke alikuwa na kona yake ya mikoko. Kutaja ni kutoa. Mzee Nassoro, ambaye wote tulijua anavua changu wakubwa kutoka mahali asipopasema, alikohoa akanyoosha kidole kwenye ramani.

"Mimi nionavyo, ni hapa Mchangani."

Mchangani, mwanangu, hapana kitu. Ni tope jepesi na viwavi wa baharini, hata ndege hawatui. Lakini hapakuwa pa mtu yeyote. Sijawahi kuona watu wa Mtongwe wakikubaliana haraka namna ile. "Naam, ni hapo," akasema huyu. "Hata marehemu baba alisema," akasema yule. Mimi pia nilitikisa kichwa. Baba yako alitikisa. Yule kijana aliandika kwa furaha, akatusifu kwa umoja wetu.

Tukasoma dua, tukachoma ubani, tukala halua. Tukatia maboya ya madumu yaliyopakwa rangi nyekundu. Tukaweka walinzi kwa zamu, watu wazima wenye akili zao, wakilinda mahali ambapo hakuna mwizi angetaka kuiba. Na tulilinda kweli! Mtoto akipita na hori alifokewa. Kijana wa uvuvi aliporudi baada ya muda mrefu akavaa miwani yake akazama, akazuka na tope mpaka kwenye nyusi.

"Mmefungia nini hapa?" akauliza.

Bi Mwanakombo akasema, "Tumefungia amani, mwanangu."

Watu walicheka mpaka wakalia, na yeye akacheka pia, maskini, bila kujua anachekea nini. Lakini wakati tunalinda tope letu, pale penye samaki hapakuwa na sheria yoyote. Siku moja Mzee Nassoro alikuja hapa asubuhi, akakaa barazani, akapewa chai asiinywe.

"Mbona hivyo, mzee?" baba yako akamuuliza.

"Bahari imechafuka."

"Imetulia kama chai kwenye sahani, mzee."

"Nimesema imechafuka, Bakari."

Akaenda zake. Alirudi na siku nyingine, na nyingine, na kila mara anasema bahari mbaya. Mwisho akamweleza baba yako. Watu wa mbali wenye boti ya mashine walikuja na juya, wavu mrefu wa kukokota, wakalipitisha juu ya jiwe lake. Walichukua wakubwa na wadogo, waling'oa hata nyasi za chini. Walikuja tena na tena, naye anawatazama kutoka mbali.

"Kwa nini hukutwambia kikundi?" baba yako akauliza. "Tungetoka wote."

"Niwaambie nini?" akasema. "Kwamba nina jiwe?"

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi nikiwa mbele ya karai. Aliibiwa mchana kweupe na hakuweza kupiga kelele, kwa sababu ili uite mwizi lazima kwanza useme umeibiwa nini. Pale alipopaficha watu wake walishindwa kumsaidia kupalinda, na wasio watu wake walipaona bila kuonyeshwa. Alikufa bila kulitaja jiwe kikaoni. Wanawe wanaendesha tuktuk. Tengefu letu liko bado, maboya yamepauka, na viwavi wamenona.

Kwa hiyo nimekata shauri, Tumu. Alhamisi nitasimama mbele ya chifu na mbele ya Mfadhili na mbele ya kila mtu ambaye nimemficha miaka yote, nikitaje Kipenyo. Nitasema kiko wapi na kina nini. Nitaomba tengefu litolewe Mchangani liletwe kwetu, mikoko na mkondo na kidimbwi, pasijazwe wala pasivuliwe, hata na mimi. Nilimwambia baba yako jana tukiwa tunapanga madema.

"Ukishakitaja hakitakuwa chako tena," akasema.

"Kwani sasa hivi ni changu?"

Akalipanga dema jingine. "Na kaa wa sikukuu?"

"Utanunua sokoni kama watu."

"Basi taja," akasema. "Ila umngoje mtoto aende na moyo mweupe."

Nimeshindwa kungoja, unaona. Baba yako anafikiri moyo mweupe ni ule ambao haujaambiwa kitu. Mimi naona moyo wa namna hiyo ndio rahisi kuandikwa na mtu mwingine.

Na hapa lazima nikwambie jambo la kukuuma, kwa sababu niliahidi. Nikisimama Alhamisi, huenda Mfadhili akakasirika, na akikasirika huenda ufadhili wako ukapata homa. Huenda ukaitwa ofisini huko bara ukaambiwa mambo yamebadilika. Nimeliweka jambo hilo kwenye mizani na kitu ninachokipenda zaidi duniani, ambacho ni wewe kwenye dawati linalokutosha, na bado nimeona nitasimama. Sikukuuliza ruhusa. Ningekuuliza ungesema, "Simama, mama," kwa adabu, kisha ungelia chini ya shuka. Nisamehe kwa hilo peke yake. Ikitokea ukarudishwa, rudi umeinua kichwa, tutatafuta mlango mwingine. Mlango wa mtu mmoja sio mlango wa pekee, ingawa huyu amejitahidi sana kutufanya tuone hivyo.

Huko uendako watakufundisha kuzisoma ramani na kuzichora. Nafurahi. Mimi ramani niliyoiona kwa karibu ni ile ya kijana wa uvuvi, na sisi wenyewe ndio tulioijaza uongo, yeye akaipiga mhuri. Ukiwa na kalamu mkononi siku moja, na wazee wamekukalia mbele wakinyoosha kidole haraka wote mahali pamoja, usiandike. Waulize mmoja mmoja, kila mtu nyumbani kwake, unywe chai yao yote. Atakayekataa kusema kabisa ndiye anayejua. Na ukishaambiwa, usifikiri umepewa siri. Umepewa mzigo.

Lakini hayo ni ya mbele. Nirudi kwenye Alhamisi, kwa sababu kuna kitu kitatokea Alhamisi nami sijui nitakijibuje. Nikishasema Kipenyo ni kitalu cha samaki wa Mtongwe nzima, Mfadhili atasimama, pole pole, kwa unyenyekevu wake. Atasema, "Mama yangu, mbona wenyeji walituambia ni tope tu?" Ataulizwa ni nani aliyemwambia. Atatabasamu kwanza. Halafu atasema: binti yako, mama. Yule ninayemsomesha mambo ya bahari. Na watu wote watageuka kunitazama.

Nimeipitia picha hiyo kichwani usiku na mchana, na kila nikifika hapo kuna njia mbili, na sijui umepita ipi.

Njia moja ni hii. Mfadhili au vijana wake walikuomba uwatembeze ufukweni, kwa kuwa wewe ni wa hapa na unasoma mambo haya. Ukawapitisha huku na huku, wakaona ule mkoko uliolala, wakainama wakaingia, nawe nyuma yao topeni, wakauliza pale ndani kuna nini. Ukashtuka. Ukafanya nilichokufunda tangu ukiwa na ndoo ya kaa: ukawatazama usoni ukasema tope tu, hakuna kitu, ili wapite. Wao hawakupita. Waliandika. Kama ni hivyo, wewe umefanya vile alivyofanya Mzee Nassoro na mimi na sote, na hasira yangu haipo kwako. Alhamisi nitasema mbele ya watu: alisema hivyo kwa sababu mimi nilimfundisha kusema hivyo, na leo nimekuja kumfundua. Nitaona haya, lakini nitasimama imara.

Njia ya pili sitaki kuiandika yote. Ni kwamba ulijua kifusi kinakuja. Ulijua kidimbwi kina nini, maana ulikitazama kwa macho yako. Ukapima chuo upande huu na visamaki upande ule, ukaona maneno yetu ya zamani yatafaa kulifungua lango badala ya kulifunga. Hata kama ni hivyo, Tumu, bado mimi ni mama yako na samaki wako wa safari bado ni hawa waliopoa mbele yangu. Sitakulaani wala sitamwambia shangazi hata mmoja. Lakini nitahitaji kujua, kwa sababu sitaki kumtetea mtoto mbele ya watu kwa jambo ambalo hakulifanya, wala kumtetea kwa moyo ambao hakuwa nao. Watu wa hapa wananijua. Nikisema uongo tena kuhusu bahari, safari hii hakuna atakayecheka.

Usinipigie simu. Kwenye simu nitakusikia unavuta pumzi, na wewe utanisikia, na tutaanza kubembelezana. Chukua karatasi uandike kwa mkono wako, kisha uipige picha uitume kwa simu ya baba yako. Nitaisoma mwenyewe, siku hizi naweza, ingawa polepole. Iandike ukifika tu, kabla hujafungua sanduku, ili inifikie kabla ya Alhamisi. Usiipambe. Mstari mmoja unatosha.

Nakusikia unaniita. Nimeitikia "abee" na bado sijainuka. Ngoja niiulize vizuri, kama mwalimu anavyotaka, sentensi moja yenye alama yake mwisho.

Ulipowaambia wale watu kwamba Kipenyo ni tope tu, hakuna kitu, ulisema hivyo ili kukificha, mwanangu, au ili kukitoa?

Mama yako,
Mejumaa